Mwaka wa Unga Mweupe

Zuhura aliingia uani kwangu asubuhi nikiwa kwenye cherehani, na kabla hajafungua mdomo nilijua amekuja na msiba, kwa sababu watu wa Bukama hawatoki huko kuja Kamina kunisalimia mimi. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani, viatu mkononi, vumbi la lori mpaka kwenye nyusi. Mara ya mwisho nilimwona akiwa mtoto wa kubebwa juu ya mizigo. Sasa alisimama mbele yangu mwanamke mzima, mwenye paji la uso la yaya yake, yaani dada yake mkubwa. "Yaya Mwamini ametuacha, Mama Numbi," akasema. "Tulimuzika Ijumaa." Sikulia. Machozi yangu huchelewa siku zote, yanafika wageni wakishaondoka. Niliendelea kuzungusha gurudumu la cherehani mpaka mwisho wa mshono, nikakata uzi, ndipo nikaona kwamba nimeshona mkono wa blauzi ya watu kwenye tundu la shingo.

Siku hiyohiyo, Zuhura akiwa bado ameshika kikombe cha chai, waliingia vijana watatu wa mtaani wenye fulana za rangi moja. Walikuwa na adabu nyingi, na mkubwa wao alipiga goti kidogo. "Mama Numbi, banatuambia weye ulikuwa mu jardin ya kwanza, ile ya pa Kisele. Shiye tunaanza ingine, palepale. Siku ya kufungua tunaomba ukuye kusema ata maneno mbili." Nikamuuliza maji ya kumwagilia bustani kiangazi watayapata wapi. "Tumeisha kujenga baraje, Mama. Mayi iko mingi!" Alitabasamu kwa fahari ya ule ukuta wao wa kuzuia kijito. Mwenzake hakuwa akinisikiliza. Alikuwa anaangalia fimbo zangu mbili zilizoegemea ukuta, kama wanavyofanya watu wote, wanatazama fimbo lakini hawaulizi. Niliwaambia nitakuja. Walipotoka, Zuhura aliweka kikombe chini akasema kwa sauti ndogo, "Palepale?" Nikahisi baridi ile ya zamani ikipanda kutoka kwenye visigino, nikakasirika, kwa sababu nilidhani kwa umri huu nimeshaizoea.

Nitaeleza mwaka ule mmoja tu. Habari za ukoo wangu hazina la kuongeza, na anayetaka kujua babu zangu walitoka kijiji gani akaulize kwingine. Inatosha kujua kwamba mwaka ule ulipoanza niliweza kubeba bidoni ya maji kichwani na kupanda kutoka kijito cha Kisele bila kuishika, na kwenye harusi nilicheza mpaka watu wakaniomba niwaachie wengine nafasi. Mwaka ulipokwisha nilikuwa natembea kwa ncha za vidole, magoti yanagongana, nimeshika fimbo mbili za mti wa mulombwa. Nasema mapema ili msomaji asikae akitumaini vingine. Mimi nilitumaini vya kutosha.

Sisi wa bustani ya kwanza tulikutana mvua zilipokuwa zinakaribia kwisha, katika chumba cha nyuma cha parokia, stoo ya viti vilivyovunjika iliyonuka ubani na mafuta ya taa. Padri alikuwa ametoa ardhi kando ya kijito cha Kisele, na shirika moja la ng'ambo lilikuwa limemleta Joris, Mbelgiji wa upande wa Waflamandi, mwanafunzi wa kilimo, mrefu mpaka akikaa kwenye kiti chetu magoti yanamfikia kidevuni. Kina mama walimwita Zorisi. Kiswahili chake kilikuwa neno moja, iko, na alilitumia kwa kila jambo, na ajabu ni kwamba mara nyingi alieleweka. Alikuwepo Kalenga, kijana wa Sanga, aliyekulia kando ya ziwa Kisale na kuifuata reli hadi kwetu akitafuta kazi ambayo reli yenyewe haikuwa nayo. Tulikuwepo sisi wa parokia, watoto wa wakulima. Na mlangoni, nusu ndani nusu nje, alikaa Mwamini, na nyuma yake vijana wenzake wa msikitini; alikuwa binti wa mfanyabiashara Mwislamu aliyetoka Kindu, mwenye duka la chumvi na vitambaa karibu na soko. "Ninauliza," alisema. "Hii jardin ni ya kanisa ao ya mutaa? Kama ni ya kanisa, nakwenda nyumbani. Kama ni ya mutaa, mie niko na jembe." Nilimpenda hapo hapo. Kuna watu unawapenda polepole, na kuna wengine unaona tu kwamba umechelewa kukutana nao.

Mchana tulikula sufuria moja. Maharage yalitoka dukani kwa baba yake Mwamini, naye aliyaleta yamepikwa, sufuria imefungwa kitambaa cha maua. Joris alileta sardini za mkebe. Kalenga alizila huku akizisikitikia, akisema kwao hata paka angeuliza huyu ni samaki gani. Tulibishana juu ya kila kitu: kama Mungu anasikia Kiluba, kama Wabelgiji wanaoga. Kisha jioni kila mtu alirudi kwenye chungu cha kwao, Mwamini kwenye wali na samaki, Joris kwenye mkate wa mapadri, mimi kwenye bukari, ugali wetu wa unga wa mhogo na mahindi. Hakuna aliyeona ajabu yoyote. Leo nikiukumbuka mwaka ule, naona mahali tulipotengana palikuwa pale, kwenye sufuria za jioni, kabla hakujatokea jambo lolote baya.

Kiangazi kilipokaribia, Joris alichora baraje kwenye karatasi, na Kalenga akaitazama, akaigeuza, akasema haina haja ya karatasi. Kwao Sanga hufunga mikondo ya maji kwa miti, matete na udongo ili kuvua, na mikono yake iliijua kazi hiyo tangu utoto. Mwamini alileta mifuko mitupu ya chumvi, tukaijaza udongo. Sisi wa parokia tulikata miti. Kalenga alipofika kwenye mguu wa baraje, nakumbuka alisimama kidogo, matope mpaka kiunoni. "Kwetu tunaachaka mulango ya chini," akasema, "sababu batoto ya samaki bapite. Lakini hapa haina samaki." Akaufunga. Maji yalianza kupanda mbele ya macho yetu, tukaogelea na nguo, tukaimba za kanisani na za msikitini zimechanganyika. Nilifurahi sana, na nakataa kujifanya leo kwamba moyo wangu ulinionya. Haukunionya.

Chini ya hapo, kwenye kona ambapo kijito kilikuwa kinapanuka, kulikuwa na madimbwi ya kina mama. Mhogo wetu mwingi ni ule mchungu, ambao una sumu mpaka ukae majini, uvunde, ganda lijiachie, na nyama yake ivunjike kati ya vidole kama mkate uliolowa. Hapo ndipo unaanikwa na kutwangwa, na unga wake una harufu kali ya uchachu, harufu ya nyumbani. Kwenye madimbwi yetu hakuna mwanamke aliyetoa mhogo wake kabla ya mkono wa mkubwa wao kupita. Mkubwa alikuwa Mama Ngoie, mama mkubwa wangu, ambaye nilikaa kwake. Aliingia majini, akaminya mmoja mmoja, akasema umeiva au akaurudisha, na mwenye mhogo hakujibu neno, hata kama watoto wake walikuwa wanalia njaa ukingoni. Alikuwa mkali, alininyima sukari, na nilimwogopa kuliko padri.

Wiki chache baada ya baraje, madimbwi yalishuka mpaka mhogo ukaonyesha mgongo juu ya matope. Kina mama hawakuja kwenye mkutano wetu kulalamika, haikuwa desturi yao kwenda kuwashtaki watoto wao mbele ya mgeni. Waliimba. Kila alfajiri kwenye vinu walitwanga na kuimba kwa Kiluba kwamba maji yameolewa huko juu, na sisi dada zake tumeachwa na vyombo vichafu. Joris alizipenda sana zile nyimbo, alisimama kando ya ua na simu yake akizirekodi. Nilimwambia maana yake. Alibadilika rangi, akaacha kurekodi, na mchana ule tukakaa tukazungumza, na ninasisitiza kwamba tulizungumza vizuri, kwa huruma. Baba yake Mwamini alitoa mapipa matupu ya mafuta, tukayakata nusu, tukayasugua kwa mchanga na majivu, tukapeleka nusu pipa kila nyumba ili kina mama waloweke mhogo uani kwao. Walitupigia vigelegele. Mama Ngoie alilizunguka pipa lake mara mbili. "Iko muzuri," akasema. "Lakini mukono yangu itafika mu malopango yote?" akauliza, maana yake nyua zote. Tulicheka. Tulidhani anataka kubembelezwa.

Mkono wake haukufika. Kila mama aliamua peke yake, uani kwake, akiangaliwa na watoto wake wenye njaa, na maji ya kijito sasa yalikuwa mbali na machache. Mwaka huo treni ya kutoka Bukama ilikwama, wiki zikawa miezi, na samaki wakavu wakatoweka sokoni; waliobaki walikuwa wa watu wenye duka. Mahindi yalipanda bei hadi tukasahau ladha yake kwenye bukari. Halafu malori ya miji ya migodi yalianza kusimama barabarani kununua mhogo, na wanunuzi wake hawakuwa na subira wala pua. Mhogo ukatolewa ungali mgumu, ukakatwa kwa kisu, ukaanikwa, ukatwangwa kwa nguvu. Unga uliotoka ulikuwa mweupe ajabu. Haukunuka kitu. Wanunuzi waliusifu, na sisi pia tuliusifu, tukasema safari hii unga ni wa harusi.

Nakumbuka jioni ya kwanza Mama Ngoie mwenyewe alipotoa mhogo wa pipa lake kabla ya wakati. Nilikuwa jikoni nachochea moto. Aliminya mmoja, akaminya wa pili, akasimama na mkono wake majini muda mrefu. Hakukuwa na kitu kingine ndani ya nyumba, hata chumvi ilikuwa ya kukwangua. "Ya leo tu," akasema, hakusema kwangu, alisema na pipa. Usiku ule tulikula tukashiba, na baadaye kichwa changu kikazunguka kidogo, kama mtu aliyeshuka kwenye bembea. Nilidhani ni jua la bustanini. Maneno yale niliyasikia tena na tena, kwetu na kwa jirani, kwenye kila ua: ya leo tu, ya leo tu. Kina mama waliyasema kwa haraka, wakiangalia pembeni.

Bustani ilistawi vibaya sana, kwa maana ya kwamba ilistawi kuliko haki yake. Kiangazi kizima mtaa ulikuwa rangi ya majivu, na pale katikati palikuwa na kijani cha kuumiza macho: kabichi, lengalenga, maharage yanayopanda juu ya vijiti. Watu walipita wakiangalia na hawakusimama. Mtoto wa jirani yetu, Mama Kabwe, binti mdogo mchangamfu, alianza kutembea kwa ncha za vidole, na sisi tulicheka, tukamwambia amevaa viatu virefu vya madamu wa Lubumbashi. Alicheka pia. Siku chache baadaye alikuwa hainuki kwenye mkeka. Mama yake alisema ni baridi, bibi yake akasema kuna mkono wa mtu, na jinsi alivyolisema neno "mtu", mimi niliyekuwa nyuma ya ukuta nachota majivu nilisikia, nikarudi ndani bila majivu.

Mazao ya kwanza hatukuyala. Hilo tuliliona jambo la heshima kubwa. Sisi wa parokia tulisema malimbuko yaende msikitini, Mwamini na wenzake wa msikitini wakasema hapana, yaende parokiani, tukashindana kwa ukarimu hadi Joris akashika kichwa, mwishowe tukagawa nusu kwa nusu na sisi wenyewe tukarudi nyumbani na mikono mitupu, tumejisikia watu wazuri. Jioni ile Mwamini alinivuta kwao. Nilikula wali, maharage, samaki wa kukaanga, mama yake akinijazia sahani bila kuniuliza. Niliporudi, Mama Ngoie alikuwa amefunika bukari yangu kwa sahani nyingine, amekaa kando yake. "Kwangu unakuyaka kulala," akasema, "na kwabo njo unaendaka kula?" Hiyo njo, yaani ndiyo, aliisema bila kupaza sauti. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na mimi sikuwahi kumwona hivyo. Nililia, nikala na ile bukari juu ya wali, hadi mwisho. Sikula tena kwa akina Mwamini jioni.

Nilibaki na maharage ya mchana, yale ya kitambaa cha maua, na nafikiri yalinishikilia. Kisha mwezi wa Ramadhani ukaandama. Mwamini na wenzake walifunga na bado wakaja kulima, midomo imekauka, na jua lile la mwisho wa kiangazi halina huruma kwa dini yoyote. Mwamini aliendelea kuniletea sufuria. "Kula, Numbi, mie sina shida," akaniambia. Ningekulaje? Ningekaa mbele ya rafiki yangu mwenye kiu nikatafuna? Kwetu mtu hali mbele ya asiyekula. Nilimwambia asihangaike, kwamba mwezi huu nakula vizuri nyumbani. Aliamini, kwa sababu hakuwa na sababu ya kutoamini, akaacha kuleta. Basi mwezi mzima nilikuwa nalima na kubeba maji kwa bukari ile nyeupe ya jioni peke yake, kwa heshima yake, na yeye alikuwa anafurahi kwamba kwetu chakula kimepatikana. Huwa nafikiria hilo ninaposhona. Hakuna aliyekosea adabu hata mmoja.

Miguu ilianza kutetemeka kwenye kilima, nikiwa na bidoni. Ilitetemeka ikaacha. Sikumwambia mtu, nani anaripoti miguu iliyochoka? Siku ya Idi tuliamua kupeleka kabichi msikitini, kundi zima, kwa miguu, na Joris amevaa shati lililopigwa pasi. Mimi nilijitwika beseni kubwa kuliko yote, kwa sababu nilikuwa na kiburi cha kubeba. Njia ilikuwa ndefu na mchanga laini. Tulipofika kwenye uwanja wa msikiti, watu wamevaa vizuri, watoto wana peremende, magoti yangu yalijikaza. Hayakuuma. Yalikuwa yamefungwa tu, kama mlango ambao mtu ameuegemea upande wa pili. Niliyaamuru, yakakataa. Nilianguka kifudifudi, beseni likapaa, na kabichi zikabiringika kati ya kanzu na viatu vya watu. Wengine walicheka kidogo, nilicheka pia, nikataka kuinuka. "Simama," Mwamini aliniambia. "Numbi, acha muchezo, simama." Kisha akaniangalia usoni, akainama na nguo zake mpya za sikukuu, akanibeba mgongoni hadi nyumbani kwetu. Njia yote nilihisi moyo wake ukipiga kwenye kifua changu.

Siku zilizofuata ndizo zinazonitisha mpaka leo, kuliko miguu. Nililala chumba cha mbele, dirisha dogo, na mtaa wote ukapita kwenye masikio yangu. Alianguka msikitini, walisema. Alikulaka kwabo, ule wali. Mutoto ya Mama Kabwe naye, nani alileta pipa mu lopango yabo? Baba ya Mwamini. Kila zawadi aliyotoa yule mzee ikageuzwa, ikatazamwa upande wa chini. Walikuwa watu ninaowajua, waliosimamia ubatizo wa ndugu zangu, na sauti zao zilikuwa za chini, za utulivu, na utulivu huo ndio ulioniogopesha. Mchana mmoja nilisikia vijana wakikusanyika barabarani, wakizungumza juu ya duka la baba yake Mwamini na petroli. Nikamwita Mama Ngoie, nikamwambia anitoe nje. Alinikokota na mkeka mpaka mlangoni. Waliponiona waligeuka, nikasema kwa nguvu zote: "Kwabo nilikula mara moja. Mara moja tu! Kama ningekula kwabo kila siku, leo minyi ningesimama." Ndipo Mama Ngoie, nyuma yangu, akasema kitu ambacho kilimgharimu kuliko chochote alichowahi kufanya. "Njo unga yangu," akasema. "Unga yangu, na yenu yote. Mukono yangu ilijua." Akaketi kizingitini akajifunika uso. Vijana wakaondoka mmoja mmoja, si wote, lakini wa kutosha.

Muuguzi aliyekuja baadaye alisema maneno yaleyale kwa Kifaransa: ni mhogo, ule mchungu usioiva majini, na tumbo lisilopata maharage wala samaki. Alisema upande wa Bandundu ugonjwa huu una jina, konzo, na kwamba miguu haitakuwa mibaya zaidi. Nikamuuliza kama itakuwa mizuri. Alifunga mkoba wake. Siku hiyo, jua likiwa juu, Mwamini alichukua jembe lake akashuka Kisele. Kalenga alimfuata, analia waziwazi, na wawili hao wakaibomoa baraje kutoka chini, pale penye mlango ambao haukuachwa. Joris alisimama ukingoni, kisha akavua viatu akaingia. Sikuona, niliambiwa, lakini nilisikia maji, kutoka kwenye mkeka wangu, yakishuka. Kabichi zilizobaki zilikauka.

Baba yake Mwamini hakungoja kujua wangapi wameamini na wangapi hawajaamini. Alipakia duka kwenye lori akaenda Bukama, Zuhura mdogo juu ya magunia. Mwamini aliingia chumbani kwangu kuaga. Kwa muda alipanga na kupangua sahani zilizokuwa kando ya mkeka. "Ulinidanganya," akasema. "Ulisema unakula vizuri." Nikamwambia alikuwa amefunga. "Mie nilifunga ya Mungu," akasema, "weye ulifunga ya nani?" Tukacheka wote wawili, kicheko kibaya, hadi tukashindwa kupumua. Alikuja kuniona mara tatu katika miaka yote iliyofuata, kila mara na gunia la maharage. Treni ilikuwa ngumu, maisha yalikuwa magumu. Nilikuwa namwekea maneno mengi ya kumwambia.

Jana ilikuwa siku ya kufungua bustani mpya. Juu walikuwa wamepanga viti na kipaza sauti, vijana wa fulana za rangi moja wanakimbia huku na huku, na nyuma yao maji yametulia, mengi, mazuri. Nilimwambia Zuhura tusiende kwenye viti kwanza, anishushe chini ya baraje. Ilinichukua muda, na kwenye mguu wake sikuona mlango wowote wa maji. Kwenye kona ya madimbwi palikuwa na matope yaliyopasuka, na dimbwi moja lisilofika gotini, na mwanamke kijana, mtoto mgongoni, anatoa mhogo na kuutia kwenye beseni. Nilimwomba mmoja. Ulikuwa mgumu kama umetoka shambani sasa hivi, ganda limeng'ang'ania.

"Iko mu mayi tangu wakati gani?"

"Tangu yana, Mama. Mayi haina. Na camion inangoja pa barabara."

"Na kwako mutakula nini?"

"Ii njo tutakula." Akacheka kwa aibu, akaangalia pembeni. "Ya leo tu."

Zuhura alichuchumaa, akauchukua ule mhogo mkononi mwangu. "Mama," alimwambia yule mwanamke kwa upole, "kwetu Bukama yaya yangu alikuwa nakataza ii. Alikuwa nasema: rudisha mu mayi, ii iko na miguu ya Numbi ndani. Nyumba yote tunasema vile. Ata majirani, ata bantu bale habamujui, banasema: ngoya kwanza, iko na miguu ya Numbi." Sikujua. Miaka yote ile, katika mji ambao sijawahi kuukanyaga, watoto wamekuwa wakiambiwa wangoje kwa jina langu, na Mwamini katika mara zake tatu hakuniambia. Nililia hapo hapo, safari hii machozi hayakuchelewa.

"Numbi njo nani?" mwanamke akauliza.

"Njo minyi," nikasema.

Alitazama fimbo. Kisha alitazama chini, kwenye visigino vyangu ambavyo havigusi ardhi, akavitazama muda mrefu. Lori lilipiga honi barabarani. Akainama, akatoa mhogo mmoja kwenye beseni, akaurudisha katika yale maji kidogo, halafu mwingine. Huko juu kipaza sauti kilikuwa kinaniita, Mama Numbi, Mama Numbi, nije kusema maneno mawili. Maji ya pale chini hayakutosha kuufunika mhogo wote.

"Waache waite," nilimwambia Zuhura. "Nitafutie kwanza jembe."